Chovya Chovya Humaliza Tangi

Wako miongoni mwetu, sisi tuvaao sare, wanaoamini kwamba kijana anayekaa mbele ya kompyuta akizungusha usukani wa bandia ni kijana aliyepotea. Nasi tulikuwa na imani hiyo, mpaka usiku mmoja tulipoalikwa Namuwongo kutazama mbio za magari ambamo halikuwamo gari hata moja. Tuliingia mle kwa tabasamu la dharau, tukatoka vichwa vimeinama. Tuliyoyaona tumeona yafaa tuwaeleze ndugu zetu askari wa jeshi na wa polisi, kwa kuwa yanatuhusu sisi kuliko yanavyowahusu wale vijana.

Namuwongo ni mtaa ulioko upande wa kusini-mashariki wa Kampala, chini ya kilima cha Muyenga, jirani na eneo la viwanda. Reli inapita humo humo, na mfereji wa Nakivubo unapita karibu ukipeleka maji yake kuelekea ziwani. Huko kilimani ziko nyumba za kuta ndefu; huku chini viko vyumba vya mabati vilivyobanana bega kwa bega. Katika chumba kimoja cha namna hiyo vijana watatu walikuwa wameweka kompyuta kuukuu, usukani uliofungwa mezani kwa vyuma, na kanyagio mbili sakafuni zilizozuiwa na tofali zisiteleze. Nje, ukutani, palikuwa na jenereta ndogo. Umeme wa mtaani hawakuutegemea, maana unaweza kukatika wakati wowote. Na kompyuta ikizimika, gari huwa limetoka mchezoni.

Mbio zenyewe zilikuwa za kuigiza, zikichezwa kwa njia ya intaneti na madereva walioko nchi mbalimbali. Kiwanja chao kilikuwa mfano wa kile cha Indianapolis, Marekani, ambako tangu mwaka 1911 hufanyika mashindano ya maili 500. Njia yake ni ya duaradufu yenye urefu wa maili mbili na nusu, na dereva huizunguka mara 200. Msomaji asidhani kwamba ni jambo la watoto tu. Mwezi Machi 2020, maradhi ya Korona yalipofunga viwanja vya michezo duniani, madereva mashuhuri wa Marekani walishindana kwa namna hiyo hiyo wakiwa majumbani mwao, na mashindano yakaonyeshwa katika televisheni. Mshindi wa mbio za kwanza katika mfululizo huo alikuwa Denny Hamlin, ambaye ameshinda mbio halisi pia.

Mmoja wa vijana wale alishika usukani. Wa pili alikuwa wa zamu, tayari kumpokea. Wa tatu, binti aliyemaliza shule ya sekondari, alikaa kando na daftari na kalamu ya risasi. Tulimwuliza yeye ana kazi gani. Akajibu: "Afande, mimi ndiye ninayeendesha mafuta."

Hapo ndipo tulipoanza kuelimika. Katika mbio ndefu za duaradufu mwendo wa magari hukaribiana sana, hata ikawa vigumu kumwacha mwenzio kwa kukanyaga tu. Linalotenganisha mshindi na mshindwa aghalabu ni mafuta: ni nani atakayesimama mara chache zaidi kujaza, na ni nani atakayesimama kwa wakati unaofaa. Binti yule alitufungulia daftari lake. Tangi la gari lao huchukua lita 70. Dereva akikanyaga bila huruma hutumia lita 2.2 kwa kila mzunguko, na tangi humtosha mizunguko 31. Akijizuia kidogo, yaani akiachia kanyagio mapema kabla ya kona na kujificha nyuma ya gari jingine ili lile la mbele limkatie upepo, hutumia lita 1.94, na tangi lile lile humfikisha mizunguko 36. Wa kwanza atasimama mara sita kabla ya kumaliza mizunguko 200. Wa pili atasimama mara tano. Na kusimama mara moja humgharimu dereva karibu muda wa mzunguko mzima, maana wakati yeye yumo kituoni akienda polepole, wenzake wanapita kwa kasi.

Tazama basi, ndugu msomaji. Tofauti kati ya watu wawili hawa ni kiasi cha robo lita kwa mzunguko, maji ya bilauri moja. Lakini bilauri ile ikirudiwa mara 200 hugeuka kuwa ushindi au aibu. Haba na haba hujaza kibaba, na pia haba na haba hukimwaga.

Tulidhani tumekwisha elewa, tukamwambia kuwa basi wajibu wa dereva ni kubana mafuta muda wote. Akatukatalia kwa adabu. Kubana nako kuna bei yake, alisema. Kama dereva anapoteza sehemu moja ya kumi ya sekunde kwa kila mzunguko, mwishowe amepoteza sekunde 20, na amefaidika, kwa sababu kusimama mara moja kungempotezea karibu sekunde 40. Lakini kama anabana hata apoteze sehemu tatu za kumi, amepoteza sekunde 60, na ubahili wake umemshinda. Kwa hiyo jambo linalotakiwa ni kipimo. Ubadhirifu na ubahili vyote viwili ni dalili za mtu asiyehesabu.

Sheria za mchezo huo nazo zinastahili kuangaliwa na watu wa nidhamu kama sisi. Tangi ni la ukubwa mmoja kwa wote. Katika kijia cha kuingilia kituo cha kujazia, mwendo una kikomo, na anayezidi huadhibiwa. Panapotokea ajali na bendera ya njano kupepea, magari yote hupunguza mwendo na kujipanga nyuma ya gari la usalama, na kituo hufungwa kwa muda mpaka safu itulie. Aliyekuwa amepanga kujaza dakika ile ile sharti avumilie. Na kompyuta inayopima mafuta haina binamu, haina ndugu wa kijiji kimoja, wala haipokei chai. Lita ikiisha imeisha.

Mambo haya hayakuanzia kwenye kompyuta. Mwaka 2016, katika mashindano ya mia ya Indianapolis, kijana mgeni aitwaye Alexander Rossi alijaza tangi kwa mara ya mwisho zikiwa zimesalia maili 90. Wengi hawakutegemea kwamba lingemfikisha. Madereva waliokuwa na kasi kuliko yeye walilazimika kuingia kituoni kuongeza mafuta kidogo, mmoja baada ya mwingine. Rossi aliendelea akitii maelekezo ya watu wake walioshika hesabu, akiachia kanyagio na kujikaza asishawishike na kasi ya wengine. Mzunguko wake wa mwisho alikwenda kiasi cha maili 180 kwa saa, mwendo wa mzee mahali ambapo wenzake huenda zaidi ya maili 210. Alishinda. Tangi lilikauka, na gari la bingwa likavutwa kupelekwa kwenye sherehe. Hakubakiwa na cha kupoteza, na hakupungukiwa.

Wakati wa dhiki ya mafuta iliyoanza Oktoba 1973, hata wenye mali nyingi walijifunza kupima. Mashindano ya Daytona ya mwaka 1974 yalipunguzwa kutoka maili 500 hadi 450. Mizunguko 20 ya mwanzo haikukimbiwa. Hesabu ilianzia mzunguko wa 21. Na hapa kwetu Afrika Mashariki, mashindano ya Safari yaliyoanza mwaka 1953 kwa kupita Kenya, Uganda na Tanganyika yalitufunza jinsi sheria iliyoandikwa mapema inavyolinda heshima ya mchezo. Mwaka 1973, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, na Harry Källström wa Sweden, walimaliza safari yao ndefu wakiwa na adhabu sawasawa. Ugomvi haukuzuka. Palikuwa na kanuni iliyokuwapo kabla magari hayajaondoka, nayo ndiyo iliyompa Mehta ushindi.

Turudi Namuwongo. Mbio zilianza saa tatu usiku. Saa moja ikapita, ya pili ikapita. Kijana wa kwanza alimpisha wa pili, jasho likiwatiririka kwa joto la mabati. Binti aliandika, akafuta, akaandika tena, na kila baada ya mizunguko michache alinong'ona tarakimu moja, naye dereva akaitika kwa kichwa. Majirani walikuwa wamejaa mlangoni. Bendera ya njano ilipopepea kwenye mzunguko wa 163, madereva wengi walipapatika. Wao walitulia, wakangoja kituo kifunguliwe, wakajaza, wakatoka. Tangu hapo hawakuhitaji kusimama tena. Kwenye mzunguko wa 188 walikuwa nafasi ya saba katika magari 33, na wanne kati ya waliokuwa mbele yao walikuwa bado na deni la kujaza. Sisi tuliokuja na dharau tulikuwa tumesimama kwa vidole.

Kisha jenereta ikakohoa mara mbili, ikanyamaza. Chumba kizima kikawa giza.

Hakuna aliyesema neno kwa muda. Binti aliwasha tochi ya simu yake, akaimulika karatasi, akamaliza hesabu aliyokuwa ameianza. Imebaki mizunguko 12, kila mmoja lita 1.9, jumla lita 22.8. Katika tangi zilikuwamo lita 24. "Afande," alisema bila kuinua macho, "hesabu yetu ilikuwa sawa."

Ilikuwa sawa kweli. Kwa jenereta nayo walikuwa wamehesabu: hutumia lita moja kwa saa, mbio hazizidi saa tatu, kwa hiyo walinunua lita nne, tatu za kazi na moja ya akiba. Lakini kijana mwingine wa pale pale, aliyeaminiwa kulinda jerikani, jioni ile alikuwa amemmiminia jamaa yake wa bodaboda lita moja na nusu. Hakuwa mwizi kwa tabia. Jamaa alikuwa na abiria anayengoja, na yeye alidhamiria kuirudisha asubuhi. Alipoulizwa alitoa jibu ambalo mpaka leo linatusumbua masikioni: "Lakini ilikuwa lita moja na nusu tu."

Ndugu zetu askari, ni mara ngapi tumelisikia neno hilo "tu" katika maegesho ya magari yetu wenyewe? Lita tano tu. Jerikani moja tu. Gari halitakwenda mbali leo, hakuna atakayejua. Mpira unaingizwa tanguni, mafuta yanafyonzwa, daftari la safari linaandikwa kilomita ambazo gurudumu halikuzipita. Asubuhi yake kila kitu kinaonekana shwari, kwa sababu hakuna aliyepiga simu usiku ule. Ila siku moja simu itapigwa.

Gari la doria linalokwenda kilomita kumi kwa lita, likiibiwa lita tano, limeibiwa kilomita 50. Huo ni mwendo wa kutoka Kampala mpaka Entebbe na ziada juu. Ndani ya kilomita hizo yumo mama mjamzito aliyengoja kupelekwa hospitali, yumo mwenye duka aliyevunjiwa mlango, yumo askari mwenzetu aliyejeruhiwa na ambaye damu yake haikungoja mafuta yarudishwe asubuhi. Mwananchi anapoomba msaada usiku wa manane akajibiwa kwamba gari halina mafuta, kwake yeye dola nzima imezimika kama kile chumba cha Namuwongo. Hatauliza ni nani aliyechovya. Atatuhesabu sote kuwa wachovyaji.

Historia ya vita imejaa ushahidi wa jambo hili. Mwishoni mwa Agosti 1944 Jeshi la Tatu la Marekani, chini ya Jenerali Patton, lilikuwa limemkimbiza adui kuivuka Ufaransa. Lilipofika mto Meuse lilisimama. Halikuzuiwa na mizinga. Matangi yalikuwa makavu. Sababu kubwa ilikuwa umbali kutoka bandarini, lakini katika miezi ile ile petroli ya jeshi ilikuwa ikiuzwa kwa magendo Paris, na wauzaji wengine walikuwa wenye sare. Mwezi Desemba mwaka huo huo ilikuwa zamu ya Wajerumani. Kikosi cha Peiper, kilichoingia Ubelgiji kikitarajia kuteka mafuta ya adui njiani, kiliishiwa katika kijiji cha La Gleize. Vifaru vikaachwa pale, askari wakarudi kwa miguu usiku. Aliyepanga safari kwa kutegemea mafuta asiyonayo alikuwa ameshindwa kabla ya kuondoka.

Nasi Waganda tuna sababu ya ziada ya kuwa waangalifu. Nchi yetu haina pwani. Mafuta yetu hushuka bandarini mbali, yakapita katika bomba la Kenya hadi Eldoret na Kisumu, kisha yakabebwa na malori kupitia Malaba na Busia. Mwaka 1976, uhusiano na jirani yetu ulipoharibika, nchi ilionja ukavu. Mwaka 2008, vurugu za baada ya uchaguzi Kenya zilipofunga njia, tulionja tena. Januari 2022 malori yalikwama mipakani kwa sababu ya upimaji wa Korona, na bei katika vituo vya mafuta zikaruka. Lita inayofika katika gari la kikosi imesafiri zaidi ya kilomita elfu moja na imelipiwa kwa kodi ya muuza ndizi. Kuimimina gizani kwa bei ya nusu ni kumdharau mama yule kwa mkono uliompigia saluti.

Tunajua yako majibu. Wapo watakaosema kwamba maisha ni magumu, karo za watoto hazingoji, na mshahara hautoshi. Sisi hatuishi mwezini; tunayajua hayo kwa kuyapitia. Lakini shida ya askari ina njia yake ya kufikishwa kwa wakubwa, na ni haki yake kuifikisha mpaka isikilizwe. Tangi la gari halina njia ya kulalamika. Na wakubwa nao wasidhani kwamba maneno haya yanawahusu madereva peke yao. Kiongozi anayetuma gari la kikosi kubeba mbao za nyumba yake amekwisha mfundisha dereva wake kuchovya, na siku ya kumwadhibu ulimi utakuwa mzito.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, kila kikosi na kila kituo kisome daftari la mafuta mbele ya askari wote mara moja kwa wiki, gari kwa gari, kilomita kwa lita. Hesabu inayosomwa hadharani hulindwa na macho mengi. La pili, kila gari la doria liwe na akiba isiyoguswa ila kwa amri iliyoandikwa, na atakayeigusa kwa amri ya mdomo awajibike pamoja na aliyemwamuru. La tatu, wale watakaocheka na wacheke: kompyuta mbili tatu na usukani wa bandia viwekwe katika kumbi za starehe za kambini. Askari washindane mbio ndefu kwa timu, mmoja akiendesha na mmoja akihesabu. Kijana atakayejifunza kwamba robo lita inaweza kumnyima ushindi hatahitaji hotuba nyingi atakapokabidhiwa ufunguo wa gari la serikali. Na somo hilo atalipata bila kuteketeza hata tone moja.

Tulipokuwa makadeti tulifundishwa kuhesabu risasi zetu kabla ya kulala, na hakuna aliyethubutu kusema imepungua moja tu. Mafuta yanastahili heshima ile ile, kwa sababu risasi haina miguu. Gari ndilo linaloifikisha inapotakiwa.

Wiki iliyofuata tulipita tena Namuwongo. Vijana walikuwa wanajiandaa kwa mbio nyingine. Jerikani ilikuwa imewekwa ndani, karibu na kiti cha binti, na ubavuni mwake imechorwa mistari ya lita kwa rangi nyeupe ili kila anayeingia aone kimo cha mafuta. Na aliyekabidhiwa kuilinda alikuwa yule yule aliyemimina lita moja na nusu. Tuliuliza kwa nini wamemrudishia dhamana. Binti akatujibu kwamba baada ya usiku ule hakuna mtu chumbani anayeijua thamani ya lita moja na nusu kuliko yeye. Tukaitazama ile mistari myeupe, tukayakumbuka magari yetu, na tukaondoka tukijiuliza ni lini nasi tutaichora ya kwetu.